Vigingi Ishirini na Vinne

Kazi ya Naigaga ilikuwa kutesa vitu. Pale Jinja, kwenye karakana ya Bwana Navin, ukimpa kifaa kizima alikitia kwenye oveni, akakigandisha kwenye friji, akakitikisa juu ya meza mpaka skrubu zikalia, akakiangusha sakafuni kutoka usawa wa kiuno, ndipo akakiuliza kama bado kinafanya kazi. Kikijibu, aliandika daftarini na kutia sahihi. Kisipojibu, kilirudi kwa waliokiunda pamoja na maneno yasiyo na sukari. Wenzake walisema hana huruma. Yeye alicheka tu na kuendelea kuangusha.

Alijivunia sahihi yake, na sioni kwa nini asijivunie. Baba yake alifanya kazi kiwandani maisha yake yote na hakuna karatasi hata moja iliyowahi kumngoja yeye ndipo ikubalike. Naigaga alitoka nyumbani kwake Walukuba kila asubuhi kwa miguu, mkoba begani, akijua kwamba hakuna kinachovuka mlango wa karakana bila jina lake chini.

Mwaka jana jina hilo lilipanda mlima. Wenyeji wa mteremko mmoja juu ya Mbale waliagiza vigingi arobaini. Kigingi chenyewe ni bomba la chuma la urefu wa mkono linalochimbiwa ardhini, na ndani ya kichwa chake mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Humo ndani kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba kuliko unywele. Ardhi ikiinama hata kidogo, kile kipande nacho kinalala upande, kigingi kinapiga simu, na watu wanatoka nje kabla mlima haujawashukia. Kule juu hakuna asiyejua maana ya mlima kushuka. Kila ukoo una mtu wake aliyelala na nyumba yake chini ya udongo.

Siku ya kuvichimbia, Naigaga alisimama mbele ya watu wote kwenye uwanja wa shule, akashika kipaza sauti kama mbunge. "Vyote vimepita mkononi mwangu," aliwaambia. "Mvua ikija, nyinyi laleni." Wakampigia makofi, na hakujifanya mnyenyekevu; aliyapokea makofi yake.

Kabla ya kuondoka aliwafundisha desturi moja: kusalimu. Kila Jumamosi asubuhi, nyumba yenye kigingi inakwenda kukishika kichwa na kukivuta upande, halafu inangoja simu ya Mzee Wamboga ilie. Wamboga alikuwa mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya mteremko, mtu wa kalamu mfukoni hata akiwa shambani. Simu ikilia, kigingi kimeitikia. Watu waliipenda desturi hiyo kupita kiasi. Walivisalimu vigingi vyao kwa majina, na wengine waliulizana kanisani na msikitini kama chako kimeamka salama.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumamosi moja, Wamboga akampigia simu.

"Dada Naigaga, hii ya kwa Ramula imekataa kuitikia."

"Mmeivuta sawasawa, Mwalimu?"

"Ramula ameivuta, mimi nimeivuta, kijana wake ameivuta. Kimya."

Jumamosi iliyofuata vikawa vitano.

Kilichomkosesha raha si kwamba vimekufa. Kigingi kilichokufa kabisa hujulikana siku ile ile, maana hakitumi habari. Hivi vitano vilikuwa vikituma kila asubuhi bila kukosa: ardhi imetulia, ardhi imetulia. Vilikuwa vikidanganya kwa adabu. Na mvua kubwa zilikuwa zimebakisha wiki tatu, na Ramula alikuwa akilala na wanawe watano chini ya kigingi ambacho kingewaambia wamo salama huku kuta zikipasuka. Naigaga alipanda basi la Mbale siku hiyo hiyo, akaving'oa vyote vitano kwa mikono yake, akarudi navyo Jinja mapajani.

Alikifungua cha Ramula kwanza. Nusu siku nzima alisugua kifuniko cha chipu kwa msasa laini, pole pole, mpaka kikaachia, kisha akaiweka chipu chini ya hadubini. Springi moja ilikuwa imekatika shingoni.

Bwana Navin akaja kuchungulia. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mhandisi aliyesomea ng'ambo, mwenye haraka ya maneno na roho nzuri akishatulia. "Wamekigonga," akasema. "Hawa watu wa mlimani wamefunga mbuzi hapo."

"Kikigongwa, springi haikatiki hapa, Bosi. Mimi nimegonga vingi."

"Basi ni kiwanda kilichotuuzia chipu."

"Labda," akasema Naigaga, akafungua daftari lake.

Daftari hilo alilianzisha yeye, na wenzake walilichoka. Kila kifaa kilikuwa na mstari wake: nani alilehemu, nani aliosha, siku gani, joto la chumba lilikuwaje. Akavitafuta vile vitano. Walehemuji walikuwa tofauti. Siku zilikuwa tofauti. Sanduku la chipu lilikuwa lile lile kwa vyote arobaini, vizima kwa vibovu. Akashuka mpaka safu ya kuosha, na hapo kidole chake kikasimama. Vitano vyote vilikuwa na neno moja: mashine. Vigingi kumi na sita vya mwanzo viliandikwa Rehemah, na katika hivyo hakuna hata kimoja kilichokuwa bubu.

Inabidi nieleze habari ya mashine. Baada ya kulehemu, ubao mdogo wa umeme unaobeba chipu hubaki na ulimbo unaonata, na ulimbo huo usipotoka, unyevu unaleta kutu. Rehemah aliuosha kwa spiriti na brashi, ubao mmoja robo saa. Rehemah alipokwenda kujifungua, kazi ikarundikana, na Bwana Navin akaleta mashine ya marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa sonara wa Jinja. Familia iliporudi kutoka uhamishoni, mashine hiyo ndiyo aliyoanza nayo upya: beseni la chuma linalotetemesha maji kwa sauti ambayo sikio halisikii, mpaka uchafu wote unatoka kwenye kila tundu la mkufu. Iliosha dhahabu za harusi za mji mzima. Mbao nane kwa dakika tano, zinang'aa. Bwana Navin aliifuta vumbi kwa kitambaa cha hariri, na siku ya kwanza kuiwasha wote wakamwona machozi yanamlenga.

Na Naigaga naye aliisifu! Alipiga hata picha. Vigingi ishirini na vinne vilivyooshwa humo alivipima vyote kabla ya kutoka, vikainama na kuitikia vizuri. Lakini lile jaribio refu, la siku sita za joto na baridi kwa zamu, alilifanya kwa vigingi vya Rehemah peke yake. Kwa hivi vingine, penye nafasi ya jaribio hilo, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: kama kundi la kwanza. Kifaa ni kile kile, alijiambia wakati ule. Sasa aliyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara aliona haya zaidi.

Lakini kudhani si kujua, na kumwendea Bwana Navin na kumwambia mashine ya baba yako inaua si jambo la kukurupuka. Akakaa na siri yake mpaka mchana.

Mchana Mama Sushma alikuja kama kawaida yake. Alikuwa mama mzazi wa Bwana Navin, ana miaka sabini na minne, na hakuamini kwamba mtu anaweza kushiba bila chakula chake. Alileta chapati na dengu kwenye bakuli za chuma zilizopandiana, akaketi na Naigaga benchini. Kule pembeni kijana mmoja alikuwa akiosha mbao, beseni likilia zzz. Mama Sushma akalitazama kwa jicho la hasira.

"Huyu Navin anatia kila kitu mule ndani," akasema. "Baba yake hapana fanya hivyo."

Naigaga akaacha kutafuna. "Baba yake hakutia nini, Mama?"

"Zumaridi! Zumaridi hapana, hata siku moja. Lulu pia hapana. Zumaridi iko na ufa ndani, ndogo, macho haioni. Ukiweka kule, inatetemeka, ufa inakuwa kubwa. Leo inatoka nzuri, wewe nafurahi. Mwezi ingine bibi arusi anarudi analia, jiwe imepasuka kidoleni." Akakunja chapati yake. "Hiyo alikuwa anaosha na mkono. Brashi ya nywele, pole pole, kama mtoto."

Naigaga alitaka kumbusu. Jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yake zima zima: springi zinatetemeka ndani ya beseni, zinapata ufa usioonekana, zinapita majaribio ya siku moja kwa uzuri wote, kisha zinapelekwa mlimani ambako mchana unachoma na usiku unatia ganzi, na baada ya wiki kadhaa zinakatika moja moja.

Akampelekea Bwana Navin daftari. Naye akafura.

"Unasema mashine ya Baba?"

"Nasema daftari, Bosi."

"Imefanya kazi miaka thelathini! Hakuna aliyewahi kuleta lalamiko!"

"Hakuna aliyewahi kuitilia springi nyembamba kuliko unywele. Na kosa si la mashine peke yake. Mimi ndiye niliyeandika kama kundi la kwanza. Nipe chipu ishirini na siku sita. Kama nimekosea, nitaipigia mashine magoti mbele ya watu wote."

Bwana Navin alimtolea macho, kisha akafungua kabati mwenyewe na kumhesabia chipu ishirini.

Kumi zikaoshwa kwa brashi, kumi kwa mashine. Karakana haikuwa na kabati la kisasa la kubadilisha joto. Walikuwa na oveni moja, friji moja na mikono. Kila nusu saa sinia ilitoka kwenye moto ikaingia kwenye baridi, ikatoka kwenye baridi ikaingia kwenye moto, na kila baada ya zamu nne Naigaga aliziinamisha zote moja moja na kuandika. Siku ya kwanza Bwana Navin alipita bila kusalimu. Siku ya pili aliuliza habari kwa mbali. Siku ya tatu alikunja mikono ya shati, akaanza kubeba sinia naye.

Siku ya nne chipu moja ya mashine ikawa bubu. Waliirudia mara tano. Siku ya sita jioni zilikuwa nne. Zile za brashi zilikuwa zote kumi zinaitikia.

Bwana Navin akaketi kwenye stuli. Mama yake, aliyekuja kumfuata, akamweleza habari ya zumaridi, na yeye akasikiliza kinywa wazi.

"Baba alijua?"

"Alijua sana."

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe hapana uliza. Wewe ulikuwa nasoma uinjinia."

Naigaga aliinamisha kichwa ili asicheke. Lakini Bwana Navin mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na katika kicheko hicho mlikuwa na fahari tupu. "Sonara wa darasa la saba," akasema. "Aliyajua haya kabla hawajazaliwa walionifundisha." Akaichomoa mashine ukutani. Hakuitupa; aliirudisha dukani ikaendelee na dhahabu.

Likabaki swali la mlima. Vitano vilikuwa vimeng'olewa, lakini vya mashine vilikuwa ishirini na vinne, na kumi na tisa vilikuwa bado vinaitikia kila Jumamosi.

"Tunaweza kuvibadilisha kidogo kidogo," akasema Bwana Navin. "Kinachokufa tunakiondoa."

"Kinachokufa Jumatatu kitajulikana Jumamosi. Na mlima ukishuka Jumatano?" Naigaga alitikisa kichwa. "Vyote ishirini na vinne vinatoka, Bosi. Sitaki jina langu likae juu ya nyumba ya mtu likidanganya."

Hapo Bwana Navin hakubisha. Wakakaa wote kuosha, Rehemah akaacha mtoto kwa dada yake akaja, na Mama Sushma akajifunga pindo la sari kiunoni akashika brashi ya marehemu mumewe. Vigingi vipya ishirini na vinne vikaingia kwenye joto na baridi. Lakini kuhusu hati yao Bwana Navin alikuwa na wazo, na alilisema kwa upole, akitazama pembeni: hati ya sasa itiwe sahihi na mtaalamu kutoka Kampala. Watu wa mlima wakiona jina lile lile, si watakataa? Naigaga akasema ni sawa. Haikuwa sawa. Jioni hiyo alitembea mpaka Walukuba bila kumwamkia mtu njiani, na roho ikimuuma kama aliyefiwa.

Siku ya tatu ya majaribio yeye na Bwana Navin walimwachia Rehemah sinia, wakaenda Mbale. Wamboga alikuwa amewakusanya watu kwenye uwanja ule ule wa shule, na wengi walikuwa wamesikia habari nusu nusu. Naigaga alipewa kipaza sauti.

Hakuwazungusha. Aliwaambia springi ni nini, na ilikatika wapi, na kwa nini. Aliwaambia kwamba njia ya kuosha ilibadilika na yeye hakurudia jaribio refu, aliandika tu: kama kundi la kwanza. "Hakuna aliyenilazimisha," alisema. "Niliona vinang'aa nikaamini. Vitano nimeshaving'oa, na kumi na tisa vilivyobaki vinatoka leo, hata kama bado vinaitikia. Nyumba zilizo chini ya hivyo vyote ishirini na vinne, nawaomba mhamie kwa ndugu mpaka vipya vije."

Bruhan, mchuuzi wa ndizi mwenye nyumba ya juu kabisa, akasimama. "Ulituambia tulale."

"Niliwaambia."

"Tukalala. Na watoto."

"Ndiyo. Nilikosea, Bruhan. Sina neno la kuweka juu yake."

Wamboga akakohoa, akauliza swali la mwalimu: hivyo vipya, nani atavitolea neno? Bwana Navin akasimama na faili lake, akaeleza habari ya mtaalamu wa Kampala, elimu yake na uzoefu wake, akaonyesha na hati yenyewe, tayari imepigwa chapa, inangoja sahihi tu.

Ramula akainuka kabla hajamaliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu bonde la pili.

"Huyo wa Kampala sisi hatumjui," akasema. "Akikosea, atakuja hapa? Mimi nina miaka hamsini na tatu. Watu wa ofisi wamekuja hapa kuahidi, wamekuja kupiga picha, wamekuja kutuzika. Hakuna moja amekuja kusema mimi nimekosea. Huyu peke yake." Akamnyooshea Naigaga kidole kama anayemshtaki. "Mimi nataka jina ya huyu. Kama si yake, mkae na vigingi vyenu."

"Yake!" akasema mtu nyuma. Kisha wengi. Bruhan, wa mwisho, akasema naye, bila kutabasamu: "Yake."

Wamboga akaitwaa hati mkononi mwa Bwana Navin, akaiweka juu ya dawati la shule lililokuwa pale mbele, akachomoa kalamu yake mfukoni. "Njoo, Dada. Tia hapa, mbele yetu."

Naigaga akaja. Machozi yalimtoka bila kujificha, maana siku zote alikuwa ameogopa kwamba jina likishavunjika halishonwi. Aliiona ile nafasi tupu chini ya karatasi. Watu mia mbili walimngoja. Bwana Navin alikuwa akimwashiria kwa kichwa kumhimiza, uso wote umemkunjuka.

Akaishika kalamu. Kisha akamrudishia mwenyewe.

"Siwezi, Mwalimu. Viko siku ya tatu. Bado siku tatu."

Watu wakaguna. Ramula akashika kiuno. "Hata sisi tukikuambia tia?"

"Hata mkiniambia."

"Na siku ya sita vikikataa?"

"Nitarudi hapa niwaambie vimekataa."

Ramula alimtazama sana. Kisha akaangua kicheko, akageuka kwa wenzake. "Mmemsikia? Haya, leteni majembe tukang'oe. Bruhan, wewe na watoto mtalala kwa dada yangu kule Malukhu, na usilete kiburi."

Watu wakaanza kupanda mteremko, majembe mabegani, Bwana Navin naye kati yao akitafuta pa kukanyaga na viatu vyake vya mjini. Naigaga akaikunja hati na kuitia mkobani. Alikuwa ametia sahihi mamia ya karatasi maishani mwake, na hakuna hata moja aliyowahi kuibeba kwa fahari kama hiyo iliyokuwa tupu.